Mcheza Kwao Hutunzwa: Malipo na Nia ya Mwandishi wa Kiswahili

Lipo swali ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hulikwepa, labda kwa kuwa linahusu mfuko zaidi ya mtindo. Je, matumaini ya kupata fedha humfanya nini mwandishi, na huifanya nini jumuiya ya waandishi anamoishi? Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza hudai kwamba fedha na sanaa ni fahali wawili wasiokaa zizi moja: msanii wa kweli hatazami malipo. La pili hushikilia kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba mwandishi, kama seremala, ana haki ya ujira wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila jibu lina chembe ya ukweli, ila yote mawili yanaliweka swali mahali pasipo pake.

Kwa miongo mingi, ukumbi mkubwa wa ushairi wa Kiswahili ulikuwa gazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji wake. Baadaye Baraza na Taifa Leo nchini Kenya yakafanya vivyo hivyo. Washairi wa kurasa hizo hawakuishi kwa beti zao. Wengi walikuwa walimu na makarani waliokuwa na riziki yao kwingine. Aliyefumba alingoja kufumbuliwa, na aliyeshambulia alingoja kujibiwa. Malipo ya shairi yalikuwa ni shairi jingine. Hata mgogoro mkali wa ushairi uliozuka baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 haukuwa na fungu la fedha la kugombewa. Kilichogombewa ni vina, mizani na haki ya kuvivunja. Watu waliandika kwa ghadhabu na kwa upendo, kwa kuwa walijua nani angewasoma.

Hali ni tofauti katika soko la vitabu teule. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima linalotahiniwa, riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi ulioteuliwa umekuwa na wasomaji wa lazima wanaohesabika kwa mamia ya maelfu. Kitabu kisichoteuliwa, hata kiwe bora kiasi gani, aghalabu huuza nakala chache. Ni muhimu kutambua maumbile ya soko hili: halilipi kazi kwa kadiri ya kazi, bali hulipa uteuzi. Mwandishi anayelilenga halazimiki kujiuliza msomaji atasema nini. Hujiuliza jopo litakubali nini: kurasa ngapi, mapenzi ya kiasi gani, lawama kwa nani, na mhusika yupi aadhibiwe mwishoni ili maadili yaonekane. Hivyo mteuzi huketi kati ya mwandishi na msomaji wake.

Madhara hayaishii kwa mwandishi mmoja. Waandishi ambao wangejibizana hugeuka kuwa washindani wa kiti kimoja, na mshindani hana haja ya kumjibu mwenzake. Uhakiki nao haukusalimika. Kitabu kikishateuliwa, hufuatwa na miongozo inayoigawa kazi katika maudhui, wahusika na tamathali za usemi, tayari kukaririwa. Waandishi wa miongozo hiyo mara nyingi ni walimu na wahadhiri, yaani wahakiki wenyewe. Mhakiki anayeona udhaifu mkubwa katika riwaya teule ana sababu ya kifedha ya kuunyamazia, maana nani atanunua mwongozo unaosema kwamba kitabu hakifai? Kwa hiyo swali la malipo si la kuulizwa watunzi pekee. Wanaowahukumu nao hawana budi kulijibu.

Tafiti za saikolojia zinaweza kutia mwanga hapa. Mwaka 1985 Teresa Amabile alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 72 waliojihusisha na uandishi wa kubuni. Kila mmoja alitunga shairi fupi. Kisha kundi moja lilitakiwa kupanga kwa umuhimu sababu za ndani za kuandika, kama vile raha ya kucheza na maneno. Kundi la pili lilipewa sababu za nje, kama vile fedha na sifa, na la tatu halikupewa orodha yoyote. Walipotunga tena, mashairi ya kundi la pili yalionekana na washairi waliopewa kazi ya kuyapima kuwa yamepungua ubunifu. Kuwazia malipo kulitosha. Hata hivyo, utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa mwaka 1973 unazuia hitimisho la haraka. Watoto waliopenda kuchora, wakaahidiwa zawadi kabla ya kuchora, baadaye walipoteza hamu. Wenzao waliopewa zawadi ile ile bila kuahidiwa hawakuipoteza. Kinachodhuru, basi, ni ahadi inayotangulia kazi na kuiongoza.

Pingamizi zito linaweza kutolewa. Samuel Johnson aliandika Rasselas mwaka 1759 kwa haraka ili apate fedha za mazishi ya mama yake, na kitabu hicho kingali kinasomwa. Zaidi ya hayo, kumtaka mwandishi aandike bure ni kuikabidhi fasihi kwa wenye mishahara. Mtunzi wa mashairi ya gazetini aliweza kuyatoa bila malipo kwa sababu mwajiri mwingine alimlisha. Mwanamke anayelea watoto na kulima, au kijana asiye na kazi, hana akiba ya saa za kutoa sadaka. Na anayemsifu mwandishi kuwa mtumishi wa jamii huku akinunua nakala haramu ya kitabu chake amegeuza sifa kuwa kisingizio cha dhuluma. Pingamizi hili ni la haki. Umaskini pia huua fasihi, tena huiua kimya kimya, kwani kitabu ambacho hakikuandikwa hakina wa kukililia.

Pengine utamaduni wa Waswahili wenyewe ulikwisha kulitatua fumbo hili. Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii haimwonei haya mchezaji anayepokea tuzo, wala haimwambii acheze kwa ajili yake. Inaweka mambo kwa utaratibu: kwanza kuna mchezo, na mchezo huo uko kwao, mbele ya wanaoujua, ndipo tuzo hufuata. Katika taarabu ya Mombasa na Zanzibar, msikilizaji huinuka na kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa, na noti ile husema neno, wakati mwingine kwa mtu mwingine aliyeketi ukumbini. Hapo fedha haivunji jumuiya. Ni sehemu ya majibizano. Tofauti ya msingi ni kati ya malipo yaliyo jawabu na malipo yaliyo amri.

Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, mahali ambapo hapakuwa na soko wala ahadi. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Tuzo ile haikuweza kubadilisha hata mzani mmoja, kwa kuwa ilichelewa mno kuamuru. Haifuati kwamba waandishi wafungwe ili waandike vizuri. Linalofuata ni kwamba jamii inaweza kuwalipa waandishi wake bila kuwanunua, iwapo malipo yatatoka kwa wasomaji wengi badala ya jopo moja, na iwapo yataifuata kazi. Mwandishi naye ana wajibu wake: atambue, kabla ya kushika kalamu, ni nani anayemwandikia. Na mhakiki, ambaye mara nyingi huitazama nia ya mtunzi kwa jicho kali, aanze kwa kuichunguza yake mwenyewe. Nidhamu isiyoweza kusema hapana kwa kitabu teule haina uwezo wa kukisifu kitabu chochote.