Adabu za Mgeni Anayejitolea: Ujenzi na Chakula katika Ufipa

Kujitolea ugenini ni kwenda kwa watu kwa hiari, bila mshahara, ili kushiriki kazi ambayo wenyeji wameichagua. Anayekwenda hivyo ana nafasi mbili kwa wakati mmoja: ni mgeni wa kukirimiwa, na ni mtenda kazi wa kutegemewa. Anayeushika ugeni peke yake huwa mzigo kwa waliompokea, na anayeishika kazi peke yake huwavunjia heshima. Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ambayo Julius Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, inazikusanya nafasi zote mbili. Nasaha zinazofuata zinahusu Malangali, kata ya Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, na uwanda wa Ufipa unaoizunguka.

Kabla ya safari

Adabu ya kwanza ni kuingia kihalali. Viza ya utalii haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi isiyo na malipo. Wanaojitolea huwekwa katika hati ya ukaazi ya daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mgeni asiyeshughulikia kibali chake mapema huwatia wenyeji wake katika matatizo na Idara ya Uhamiaji.

Ya pili ni kuujua msimu. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na huo ni wakati wa shamba. Matofali hufyatuliwa, hukaushwa na kuchomwa kiangazi. Anayefika Januari akitaka kujenga anawaomba watu waache kilimo kwa ajili yake. Uwanda huu uko juu sana, na Juni na Julai baridi yake ni kali. Kijana wa Mombasa au Dar es Salaam anahitaji sweta sawa na anavyohitaji viatu vigumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa isifungwe mzigoni, kwa kuwa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Kuwasili na kusalimu

Mgeni huanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, hutia saini kitabu cha wageni, na husubiri kutambulishwa. Kushika beleshi kabla ya hatua hiyo si bidii, ni kupita mlango wa uani.

Salamu hutangulia kila shughuli. Aliyemzidi mtu umri huamkiwa "Shikamoo" naye hujibu "Marahaba". Wafipa wa makamo na wazee huongeza heshima ya mwili: kuinama au kuchutama kidogo na kupiga makofi taratibu. Mgeni halazimiki kuiga yote, lakini asipite wima huku mwenzake amechutama. Majina ya watu wazima hayatajwi hivihivi. Huitwa baba au mama wa fulani, mzee, au fundi. Naye mgeni azijuaye salamu za Kiswahili cha pwani asicheke lafudhi ya Kifipa, kwani yeye ndiye aliye ugenini.

Kwenye ujenzi

Kundi la kwanza la Peace Corps, shirika la Marekani la watu wanaojitolea, lililofika Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapimaji, wahandisi na wanajiolojia, watu waliokuwa na fani zao. Wengi wanaojitolea siku hizi ni vijana ambao hawajawahi kupanga tofali. Nafasi inayowafaa ni ya saidia fundi: kusomba mchanga na maji, kuchanganya udongo, kupokezana karai, kumpelekea fundi matofali kabla hajayaita. Mgeni asiyejua kusoma pima maji asijipe kazi ya kupandisha kona. Ukuta uliopinda hubomolewa jioni na fundi yuleyule ambaye mgeni alimwondoa asubuhi, na saruji iliyopotea ni ya wananchi.

Wafipa hawakuanza kujenga walipofika wafadhili. Mababu zao walisimamisha malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, na mabaki yake yangali yanaonekana sehemu kadhaa za uwanda. Walilima pia kwa ntumba, matuta ya mviringo yanayofukiwa nyasi ili zioze na kuurutubisha udongo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 nao ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya nguvu za wananchi, waliochimba misingi, kusomba mawe na kuchoma matofali. Msaragambo wa namna hiyo una utaratibu wake, na kamati ya ujenzi ndiyo inayoamua zamu, vipimo na matumizi. Mwenye ushauri wa kitaalamu humwambia fundi mkuu pembeni, wala hamsahihishi mbele ya vijana wake.

Muda nao ni adabu. Kazi ikipangwa saa moja asubuhi, mgeni awepo saa moja. Jumapili wengi huenda kanisani, na haifai kudai kazi siku hiyo kwa sababu tu safari ya mgeni ni fupi.

Mezani

Chakula kikuu ni ugali wa mahindi au wa ulezi, pamoja na maharage yanayolimwa kwa wingi uwandani, majani ya maboga, na uyoga wakati wa mvua. Magharibi Ziwa Tanganyika huleta migebuka na dagaa, na mashariki bonde la Ziwa Rukwa huleta samaki na mchele. Wali wa nazi haumo katika mapishi ya hapa, na kuuulizia kila jioni ni kumsimanga mpishi.

Kabla ya kula, maji ya kunawa hupitishwa, na kwa kawaida mdogo humwagia mkubwa. Mkono wa kulia hutumika. Tonge humegwa upande wa mlaji, hubonyezwa kwa kidole gumba, kisha huchovywa kwenye mboga. Mboga ikiwa katika bakuli la pamoja, mtu haanzi kwa kuokota minofu. Kunusa chakula, kukunja uso mbele ya kichwa cha dagaa, au kupiga picha sahani wakati wenzake wanasubiri, ni utovu wa adabu. Asiyekula nyama, au mwenye maradhi yanayomzuia chakula fulani, aseme mapema kwa mpishi, si sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Pombe ya ulezi ikipitishwa, asiyekunywa hushukuru na kuipitisha kwa mwingine bila mahubiri.

Wanaopika kwenye ujenzi wana kazi nzito sawa na ya fundi. Mchango wa chakula hupitia kwa kamati, si kwa noti inayowekwa juu ya meza. Kuchota maji na kuosha vyombo ni shukrani inayoonekana. Kwa mama lishe, mgeni hulipa bei ya wote na hashindani kupunguziwa sahani ya wali maharage.

Watoto, picha na zawadi

Watoto hupigwa picha kwa ruhusa ya wazazi, na shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Peremende na fedha zinazogawiwa barabarani huwafundisha watoto kuomba. Zawadi ya shule ipokewe na shule.

Wajibu wa wenyeji

Wenyeji nao wana adabu zao: wasimtenge mgeni kwenye kiti cha heshima akitazama wenzake wakifanya kazi, wasimpandishie bei kwa rangi yake, na wamweleze kosa lake waziwazi badala ya kumcheka akiondoka.

Kuaga

Kabla ya kuondoka, mgeni hukabidhi vifaa na hesabu za michango kwa kamati kwa maandishi, huwaaga viongozi, mafundi na wapishi, na hueleza hatua ambayo jengo limefikia. Ahadi ni deni: asitaje bati wala madawati ambayo hana hakika ya kuyaleta, kwa kuwa kamati itapanga bajeti ikitegemea maneno yake.