Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Masomo: 1 Samweli 2:18–19, Matendo 9:36–42



Sisi tunaokaa Njombe hatuhitaji kufundishwa baridi ni nini. Ifikapo Juni na Julai, watoto huenda shule wamekunja mikono kwapani, na wazee hawatoki nje mpaka jua lipande. Ndipo tunapowaona akina mama na sindano zao mbili na donge la uzi wa sufu, wakifuma masweta, kofia na soksi. Kazi hii ina fundisho kwetu sote.

Hana alimtoa mwanawe Samweli amtumikie Bwana huko Shilo. Lakini kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Kwa nini kila mwaka? Kwa maana mtoto hukua. Kanzu ya mwaka jana, hata ikiwa nzuri namna gani, mwaka huu inambana. Basi upendo nao hauna budi kupima upya.

Wafumaji wanalijua jambo hili. Mfumaji mwangalifu kwanza hufuma kipande kidogo, cha sentimita 10 kwa 10, akahesabu vitanzi vyake. Kisha humwita atakayevaa, akampima kifua na urefu wa mkono. Asipopima, atamaliza kazi ya majuma mengi, na sweta lisimfae mtu. Tena sweta halina moto ndani yake. Hutunza tu joto la mwili, kwa hewa iliyotulia kati ya vitanzi. Likipwaya mno, upepo hupata njia.

Je, katika mtaa wetu tunapima? Juma la msiba mjane huletewa unga, sukari na nguo. Mwaka wa pili, nani hubisha hodi? Yatima aliyepewa sweta akiwa darasa la pili sasa yuko la tano, na mikono imemtoka nje. Kutoa kilichotubana sisi si vibaya. Lakini tumeuliza kama kitamfaa mwenzetu?

Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Alikuwa pamoja nao, aliwajua.

Basi kabla ya Juni, kila nyumba imchague mtu mmoja, mwenda kanisani au asiyekwenda. Tumtembelee, tuketi naye, tumpime, tumsikilize. Asiyejua kufuma anunue uzi; akina baba nao wasikae pembeni. Na sweta la zamani likimbana mtoto, hufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukaongezwa mwingine, likafumwa tena. Hata ujirani uliokwisha kulegea waweza kufumwa upya.

Mungu anayejua hesabu ya nywele za vichwa vyetu atupe macho ya kuwaona wenzetu jinsi walivyo leo, wala si jinsi walivyokuwa mwaka jana. Amina.