Filimbi Moja, Sauti Moja

Huku Kasese na Bwera, chini ya milima ya Ruwenzori, Wakonzo wana ngoma ya filimbi iitwayo eluma. Kila mpigaji hushika filimbi yenye sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa sauti hizo kupokezana, kama zipokezanavyo pembe za amakondere kwa jirani zetu Watoro.

Basi anayeanza hujifunza nini? Hana matundu ya kuziba kwa vidole. Kazi yake ni kunyamaza, kusikiliza, na kupuliza mahali pake. Akiwahi humkanyaga mwenziwe, akichelewa wimbo hutoboka. Wala hawezi kujizoeza peke yake nyuma ya nyumba, kwani mahali pake hapajulikani ila baina ya sauti za wengine.

Je, akikosea, kosa ni la nani? Sisi walimu tumezoea kumpa kila mtoto alama zake, maana cheti hutolewa kwa jina la mmoja. Katika eluma, huenda aliyekosea alipotoshwa na aliyemtangulia. Wako wasemao kwamba kosa ni la wote. Hatukubali: aliyepitwa na zamu kwa kusinzia amesinzia yeye. Lakini kumtoa uwanjani si haki, kwa kuwa mdundo haufundishiki nje ya uwanja. Wenziwe wana deni kwake, wapunguze mwendo mpaka aipate zamu yake, hata wakichoka. Hayo ni ya siku za mazoezi. Siku ya arusi ni shauri jingine. Wageni wamekuja kucheza.