Deni la Yei

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Koboko, Uganda, mkutano wa pampu ya maji hufanyika Jumapili alasiri, wakati Wakatoliki na Waanglikana wamekwisha kutoka kanisani na Waislamu wamekwisha kuswali adhuhuri. Wazee waliichagua saa hiyo kwa makusudi, ili asipatikane wa kusema kwamba hakualikwa. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hukaa kwenye benchi, mama mtunza hazina hupakata daftari lake, na majina ya wenye nyumba husomwa moja moja kwa sauti. Aliyetoa mchango wa mwezi huitwa akaitikia. Asiyetoa huitwa pia, naye hujieleza mbele za watu: mtoto alilazwa, tumbaku haijapata mnunuzi, mbuzi amerudi sokoni bila kuuzika. Mara nyingi husamehewa, na mara nyingi mwezi unaofuata hulipa michango yote miwili.

Nimehudhuria mikutano mingi ya ofisi, Arua na Kampala, yenye viyoyozi na maji ya chupa. Hesabu iliyo wazi kama ya daftari la mama yule sijaiona huko.

Pampu ya mkono inataka watu kuliko inavyotaka fedha. Chini ya kile kishikio kinachoonekana, mabomba ya chuma yameungwa moja kwa jingine hadi kwenye maji, na ndani yake zinapita fito zinazopanda na kushuka. Chuma huliwa na kutu. Bomba likitoboka, maji yanaporomoka kabla ya kufika juu, na msichana anapampu mpaka jasho linamtoka bila jerikeni kujaa. Hapo huitwa fundi wa gombolola, ambaye analipwa kutokana na mchango, na haki yake ni hiyo. Lakini fundi peke yake hawezi kuyatoa mabomba yale ardhini. Vijana wa kijiji ndio wanaoyavuta, mmoja ameshika, mwingine anafungua, wawili wanapokea, siku nzima juani, na hakuna anayeandikiwa hata shilingi. Wanawake wanaleta uji wa ulezi. Kisha yuko mzee anayefungua kufuli alfajiri na kuifunga jioni, anayepaka grisi mnyororo, anayezibua mfereji wa maji machafu na kurudisha miiba ya ua kila mbuzi wanapoipenya. Mzee huyu hayumo katika bajeti ya mtu yeyote. Akiugua wiki moja, kijiji kizima kinajua.

Sera ya maji ya Uganda imejengwa juu ya watu wa namna hiyo. Serikali au shirika huchimba, kisha jamii huendesha kwa kamati yake. Maneno hayo yanaandikika kwa urahisi. Ila kamati za namna hii zimekufa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pampu zimesimama kama nguzo, na watu wamerudi mtoni. Kwa nini yetu haijafa? Nimeliwaza jambo hili sana, na jibu langu linaanzia ng'ambo ya mpaka.

Koboko ni wilaya ya pembeni. Ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Kaskazini yake ni Sudan Kusini, magharibi ni Kongo, na pale Salia Musala nchi tatu zinakutana. Sisi Wakakwa tumo katika zote tatu, mpaka ulitukuta tumekwisha kukaa. Nje ya eneo letu la West Nile jina la Koboko hutajwa pamoja na la Idi Amin, kwa kuwa ukoo wake ni wa huku, na kwa sababu hiyo hiyo tuliadhibiwa. Amin aling'olewa madarakani Aprili 1979. Oktoba 1980 wanajeshi wake wa zamani walishambulia kutoka ng'ambo, na UNLA, jeshi la serikali iliyomfuata, likajibu kwa kuifagia West Nile bila kumtenganisha askari na mkulima. Juni 1981 waliuawa hata raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Vijiji vya Koboko vilibaki mahame. Watu walivuka kwenda Zaire, Kongo ya leo, na Sudan wakiwa na walichoweza kubeba kichwani.

Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wao. Alisimulia kwamba mtu wa kwanza kumpokea upande wa Yei, katika Sudan Kusini ya leo, hakuwa ndugu yake wala hakuwahi kumwona. Mtu huyo alimwonyesha kipande cha shamba kilicholala, akamwazima jembe, akampa mbegu za mtama na mahali pa kulala mpaka nyumba isimame. Hakumwandikisha popote. Mtafiti Barbara Harrell-Bond alikwenda huko miaka ile, na kitabu chake Imposing Aid cha mwaka 1986 kilionyesha wazi jambo ambalo mama zetu walilijua: wakimbizi wengi kutoka Uganda waliishi nje ya makambi, kati ya wenyeji, kwa ardhi na msaada wa wenyeji hao, wakati mashirika yakiwahesabu waliomo kambini tu.

Julai 2016 vita vikalipuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kisha vikateremka hadi Yei. Sasa waliokuja wakikimbia, wakipita kituo cha mpakani cha Oraba na vichochoro vya Mto Kaya, walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliotupokea. Agosti mwaka ule ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi katika wilaya jirani ya Yumbe, na katika muda wa miezi michache ikawa na watu zaidi ya 270,000. Huku kwetu kambi ya Lobule ilikuwa imekwisha kupokea Wakongo tangu 2013. Wengine hawakukaa katika makazi yoyote. Walipanga vyumba Koboko mjini ili watoto wasome, au walikuja vijijini kwa watu waliowafahamu. Wageni husifu sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, na ni sheria nzuri. Lakini ardhi ya West Nile ni ya koo, haiko mkononi mwa waziri. Wazee ndio waliokaa, wakajadiliana, wakaitoa.

Mimi naliita hili deni la Yei. Halina hati na halina mdai, ila ndilo linalomfanya mzee wa pampu aamke. Katika kamati yetu yumo mama aliyekuja 2016. Anatoa mchango kama sisi, anasimama kwenye foleni kama sisi, na siku ya kuvuta mabomba wanawe wamo.

Sitaki kupamba. Ugomvi upo. Kuni zimepungua kwa sababu watu wameongezeka, na tumbaku yetu wenyewe ilikuwa imekula misitu miaka mingi kabla yao. Nyasi za kuezekea zinagombaniwa kila kiangazi. Wapo vijana wenyeji wanaouliza kwa nini kazi za mashirika zinakwenda kwa wenye vyeti kutoka mbali, na swali lao ni la haki. Mwaka 2025, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilipokosa fedha, karibu wakimbizi milioni moja katika Uganda waliondolewa kwenye mgao wa chakula, na njaa hiyo haikubaki makambini. Ilikuja mashambani mwetu ikitafuta kibarua. Deni la Yei halishibishi mtu. Linachofanya ni kuwafanya watu wakae kwenye benchi moja wagombane kwa maneno, wakijua kwamba kesho wataonana tena kwenye maji.

Kujitolea kwa watu kama mzee wa pampu kumezaa mambo makubwa kuliko pampu. Chukua malale. Ugonjwa huu ulituchukua watu wengi, hasa miaka ile tuliporudi kutoka uhamishoni na kukuta mashamba yamegeuka vichaka na mbung'o wametawala mitoni. Kuanzia mwaka 2011, vikaanza kuwekwa kando ya mito ya Koboko, Arua na Maracha vitambaa vidogo vya buluu vilivyopakwa dawa. Mbung'o huvutwa na rangi ile, hutua, hufa. Wataalamu walibuni, na sifa yao wapewe. Lakini kitambaa kikianguka kwa mafuriko, au mtoto akitaka kukifanya kipande cha mpira, anayeona ni mwanakijiji. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeuondoa ugonjwa huo, ule wa aina ya gambiense unaopatikana West Nile, kama tatizo la afya ya umma. Katika hotuba nilizosikia, watu wa ukingoni walishukuriwa kwa sentensi moja.

Hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Wapo wahudumu wa afya wa kijiji, tunaowaita VHT. Mpango wao ulianza 2001. Huchaguliwa na kijiji chenyewe, mbele ya watu, na hapa kwetu ni baadhi ya watu ninaowaheshimu kuliko wote. Usiku wa manane mama anagonga mlango na mtoto anayewaka homa. VHT anawasha tochi, anapima malaria kwa tone la damu, anahesabu pumzi kama ni nimonia, anatoa dawa, au anaandika karatasi ya kwenda kituo cha afya na kutafuta bodaboda kwa simu yake mwenyewe, kwa salio lake mwenyewe. Dawa zikiisha, lawama ni zake. Baiskeli ikivunjika, anatembea. Mwisho wa mwezi hujaza ripoti ambayo takwimu zake zinasomwa Kampala na Geneva na watu wenye mshahara. Yeye hupata fulana, na labda posho ya semina ikiwapo semina.

Mzee wa pampu anatumikia pampu anayokunywa yeye na wajukuu zake, na kijiji kinamwona. Hilo ni kujitolea. VHT anafanya kazi ya wizara, kwa fomu za wizara, kwa ratiba ya wizara. Kumwambia huyo kwamba anajitolea, mwaka baada ya mwaka, ni kumtumikisha. Majirani zetu wa Kenya mwaka 2023 waliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 vifaa vya kazi na kuwawekea posho ya mwezi. Pamekuwa na malalamiko ya ucheleweshaji katika kaunti, lakini angalau wamekubali kwamba kazi ile ni kazi. Uganda inaweza kufanya hivyo. Sikubali hoja kwamba posho itaua moyo wa kujitolea. Moyo huo unauawa na muuguzi anayemkaripia VHT mbele ya wagonjwa, na ofisa anayemwita mkutanoni asimpe hata nauli ya kurudi.

Basi nawaomba mambo mawili. Wabunge na madiwani wa West Nile, bajeti ijayo ikisomwa, tafuteni mstari wa VHT, na msipouona msipige makofi. Nanyi watu wa Koboko mlioko Arua, Kampala na Juba, mnaotuma fedha upesi kukiwa na msiba, majina ya wazazi wenu yanasomwa katika daftari la pampu kila mwezi. Tumeni mchango wao sasa, wakiwa bado wanateka maji.