Kumkumbuka Shujaa Kaburini Pake

Twaulizwa: yafaa kumkumbuka shujaa kaburini pake? Kuzuru makaburi ni sunna, nasi humwombea maiti. Hatumwombi yeye haja.

Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi aliwapiga vita Waingereza mwaka 1895, akashindwa mwaka 1896, akavuka kwa Wadachi, akafia uhamishoni mwaka 1910. Ushujaa wake hatuukani. Lakini hapa Frere Town, palipokaliwa na watumwa walioachwa huru tangu 1875, twakumbuka kwamba wakubwa wa zama zile, naye akiwamo, walimiliki watu. Wajukuu wa watu wale ni jirani zetu, na jirani ana haki.

Basi tumsifu kwa kweli, tusifiche. Dua kuu ya maiti ni maghufira. Na aombewaye maghufira hakudaiwa kuwa hakukosa. Wallahu aalam.