Nani Anachemsha Chai ya Mwandishi?

Mwaka jana nilikaa miezi miwili bila kuandika. Kazini niliandika, maana habari ya mafuriko haisubiri mtu ajisikie. Kilichokwama ni insha kuhusu marehemu baba, mpishi wa hoteli aliyeamka saa 9 usiku ili wageni wakute chai mezani. Kila nikikaa, nasoma aya zilezile tatu, nafunga kompyuta.

Rafiki yangu mshairi akaniambia, "Achana na kichwa, anza na mwili." Niamke saa 11 alfajiri, nikae kiti kilekile, kila siku. Nikajaribu. Wiki ya pili aya ya nne ikaja, halafu ya tano. Nikaanza kutamba kwamba nimepata dawa.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa Posta na bado aliandika riwaya zaidi ya 40. Katika tawasifu yake, iliyotoka 1883 baada ya kifo chake, anaeleza kwamba saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Wengi tunamsifu hapo, tunafunga kitabu.

Ila kuna jambo dogo analikiri. Alikuwa na mtunza farasi mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kumwamsha na kumletea kahawa. Alimlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka, na anasema huenda hakuna mtu anayemdai shukrani zaidi kwa mafanikio yake kuliko mzee yule.

Hapo nikanyamaza. Chai yangu ya saa 11 ilikuwa inachemshwa na nani? Dada wa kazi. Sikumwomba, aliona taa inawaka, akaamka. Mimi nikapokea kikombe, nikaita hiyo nidhamu yangu. Trollope angalau alilipa, tena akakiri. Alipokwenda msibani kwao siku nne, nidhamu yote ikaporomoka: maji, uji, sare ya mtoto. Sikuandika hata sentensi moja.

Je, mazoea mema yanayobebwa na usingizi wa mtu mwingine bado ni mema? Nadhani ni mema nusu, na ile nusu nyingine ni deni. Tena nilikuwa naandika kuhusu mtu aliyekatiza usingizi wake kwa ajili ya chai ya wengine, huku naletewa ya kwangu bila hata kuuliza yeye alilala saa ngapi.

Dada aliporudi, nikamwambia chai ya alfajiri nitachemsha mwenyewe. Akashtuka. "Mama Junior, kwani nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu. Lala."

Siku hizi naanza na vyombo vya jana usiku. Napoteza karibu nusu saa, lakini mikono ikiwa kwenye maji, kuna siku sentensi inajipanga yenyewe kabla sijafika kwenye kiti. Kuna siku haiji, na vyombo vinakuwa safi tu. Insha ya baba imefika aya ya tisa. Aya ya sita inaanza jikoni, saa 9 usiku, na nimeiandika nikijua kidogo baridi ya saa hizo.