Acheni Gitaa la Kakai Limalize

Wiki hii nilipanda matatu kutoka Wote kwenda Emali, na redio ilikuwa ikipiga wimbo wa Kakai Kilonzo na bendi yake, Les Kilimambogo Brothers. Waimbaji wakanyamaza, magitaa yakashika njia. Papo hapo mtangazaji akauzima wimbo, akaanza kusoma salamu. Abiria wenzangu hawakushtuka. Mimi mpaka leo sijatulia.

Aliyekulia kwenye benga ya Ukambani anajua kwamba pale ulipozimwa ndipo wimbo ulipokuwa ukikolea. Miaka ya 1970 na 1980 nyimbo hizi zilitoka River Road, Nairobi, kwa santuri ndogo, na mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba kisa: mapenzi, deni, mke aliyeondoka. Ukiigeuza santuri, kazi ilibaki kwa wapigaji. Gitaa la solo linapanda juu kabisa, la ridhimu linalijibu, besi inasukuma kutoka chini, na dramu ya mguu haikosi pigo hata moja. Hapo ndipo watu walipoinuka vitini.

Nitaambiwa kwamba redio inaishi kwa matangazo ya biashara, na kwamba msikilizaji anataka maneno; gitaa ni la kujazia tu. Sikubali. Nawajua vijana wa Kitui mjini wanaokaa kimya kusikiliza Maggot Brain, albamu ya Funkadelic ya mwaka 1971, soul na fanki zilizotiwa ukali wa roki. Wimbo wake wa kwanza unapita dakika kumi, na karibu wote ni gitaa la Eddie Hazel likilia. Hakuna anayesema Hazel anajazia. Naipenda albamu ile kwa dhati, na heshima wanayompa Hazel ndiyo ninayomdaia Kakai.

Tena, kusikiliza kwa muda mrefu si jambo geni kwetu. Kilumi, ngoma ya pepo ya nyanya zetu, haikukatwa katikati. Ngoma ilipigwa hadi pepo wapande. Kakai naye aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, lakini hata asiyejua neno la Kikamba alicheza. Alichezeshwa na nini, kama si magitaa?

Kakai alifariki mwaka 1987, akiwa bado kijana. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilikusanya rekodi za Kenya za miaka ile, ikazitoa upya kwa santuri kubwa, na wageni wakazinunua. Sisi tunazo bure hewani na tunazikata.

Jina la mwimbaji angalau linatajwa. Wapiga solo, besi na dramu wengi wa bendi hizi hawatajwi kabisa redioni; sauti yao yote iko upande ule wa pili. Kama saa ya kipindi haitoshi, watangazaji wetu, pigeni nyimbo tatu badala ya sita, lakini zipigeni hadi mwisho.